Naomba ushauri, cherehani ya marehemu mama niiuze au nibaki nayo?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana kichwa kinaniuma. Mama alifariki na nyumba inabidi tuikabidhi mwisho wa mwezi, so tumekubaliana na ndugu zangu jumamosi tutoe vitu nje uani tuuze, makochi, kabati, masufuria, hivyo wala havinisumbui. Shida ni cherehani yake. Jana nimefungua droo nikakuta bado kuna vifungo vya sare yangu ya shule na futi yake ya kupimia namba zimefutika kwa kushikwa miaka yote hiyo, nikakaa chini nikalia kama mtoto.

Mimi naishi chumba kimoja sina pa kuiweka na kushona sijui. Dada anasema tuuze tugawane, mdogo wangu anasema mkiiuza msinisemeshe tena.

Mliopitia hili mlifanyaje? Nibaki na futi na vifungo tu, cherehani nimpe binamu yetu anayeshona? Na mkiamua kuuza kitu kama hicho bei mnapangaje, maana mteja akianza kuomba punguzo najua ntashindwa kujizuia. Halafu picha za zamani ambazo waliomo hatuwajui mnazipeleka wapi, kuzitupa roho inakataa kabisa.