Kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, una mimba au umeshajifungua: tupeane uzoefu (Moshi na Arusha)

Mama Watatu, Pasua
Habari zenu wapendwa. Juzi nilimpeleka mtoto chanjo, ana miezi minne. Kapimwa uzito, kadi ikajazwa, najifunga kanga niondoke. Nesi akaniita: "Mama, na wewe mlango wa kizazi ulipima lini?" Nikabaki kimya. Nina miaka 34, na mimba zote tatu nimetolewa damu, mkojo, presha, lakini huko hakuna aliyewahi kuangalia. Nimesema nitarudi Jumatatu. Mliopima mkiwa na mimba, au baada ya kujifungua, ilikuwaje? Kinauma?

Bibi Harusi Mzee, Njoro
Mimi nilipima mimba ikiwa na miezi minne, kwa sababu nilikuwa natokwa damu kila nikikutana na mume. Wakafanya papsmia, kile cha kukwangua kidogo kwa kiburashi. Jioni nikaona matone ya damu, nikalia usiku kucha nikijua mtoto kaenda. Kumbe mlango ukiwa na mimba unajaa damu, ukiguswa unachuruzika. Mtoto alikuwa salama, mbali kabisa na hicho kiburashi. Majibu yakaonyesha seli zimebadilika kidogo. Nikaambiwa hatutibu sasa, tunakufuatilia. Miezi mitatu baada ya kujifungua nikarudia, mabadiliko hayapo. Mama mkwe hadi leo anaamini nilienda kutoa mimba, basi tu.

Mama Kijenge
Mimi ni kile cha siki, mwanangu alikuwa na miezi mitano. Wanapaka, wanasubiri kama dakika moja, panapogeuka peupe ndipo pana shida. Pangu paligeuka. Nesi akaniita nione kwa kioo, nikakataa (nani anataka kuona?). Wakanigandisha kwa baridi siku hiyo hiyo, maumivu kama ya hedhi. Hakuna aliyeniandaa kwa yale maji! Wiki tatu natokwa maji kama chupa imevunjika, nilimaliza pedi za duka zima. Na wiki nne hakuna tendo. Hapo ndipo baba watoto alipogeuka daktari, kila siku ananihesabia.

Mangi Mpole
Mimi mwanaume. Nilimsindikiza wangu, nikakuta benchi zima akina mama, wakanihoji kuliko polisi. Nitamsindikiza tena.

Nesi wa Ngarenaro
Poleni na hongereni. Nawarudisha nyuma wengi wanaokuja damu ya uzazi haijakatika: mlango hauonekani vizuri, na seli zinazopona zinaweza kudanganya majibu. Cha siki njoo kuanzia wiki ya sita, papsmia ikae kama miezi mitatu. Wachagga mna bahati, mtori ukiisha na siku za kupima zimefika. Lakini kama una mimba na unatokwa damu kama dada wa Njoro, usingoje kujifungua.

Mwingine huniambia, "Mimi nilizaa kwa upasuaji, hainihusu." Kisu kilipita tumboni mama, mlango upo palepale. Kwa kawaida tunaita kuanzia miaka 30 hadi 50. Mwenye VVU asingoje 30, aanze 25. Na mabinti wa Kilimanjaro waliochanjwa dhidi ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, kwenye majaribio ya 2014, kabla nchi nzima haijaanza 2018, sasa wanakuja kliniki na mimba wakidhani wamemaliza. Chanjo haizuii aina zote za hicho kirusi. Umri ukifika watapima kama sisi.

Mama Watatu, Pasua
Nimetoka sasa hivi, niko kwenye bodaboda. Dakika kumi hazikufika. Ule mdomo wa bata, kifaa cha kufungulia njia waone mlango, ni wa baridi kuliko maji ya maporomoko ya Materuni, mengine yanavumilika. Siki imepakwa, hakuna weupe. Nirudi baada ya miaka mitatu. Tarehe nimeiandika nyuma ya kadi ya mtoto, maana nyumbani kwangu hiyo ndiyo karatasi pekee isiyopotea.