Yule mtangazaji wa asubuhi kanijibu "mpeni ndizi" hewani. MPENI NDIZI!!

Mjukuu wa Zinji (mleta mada):
Wakuu, leo sina salamu. Mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukwa mjue ni hasira.

Simtaji na hahitaji kutajwa. Ni huyuhuyu wa asubuhi, mwenye kicheko kinachoanzia Mbagala kikatua Kibaha, ambaye kila daladala inamfungulia sauti mpaka vioo vinalia. Mmeshamjua.

Leo kaleta habari ya ule mkono wa Koobi Fora. Nikafurahi, maana habari ya maana redioni huipati, kutwa mikeka na nani kaachana na nani. Mifupa ya mkono imechimbwa mashariki ya Ziwa Turkana, ina umri wa miaka kama milioni 1.5, utafiti wake umetoka Oktoba 2025. Mwenye mkono ni wa ukoo wa Zinji wetu, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, yule ambaye Mary Leakey aliliona fuvu lake Olduvai tarehe 17 Julai 1959, mumewe kalala kambini anaumwa. Tangu mwaka huo dunia ina kichwa cha kiumbe huyu lakini hakuna aliyekuwa na uhakika mkono wake ulikuwaje! Zana za mawe zimelala tabaka moja na fuvu, na watu wanabishana kama alizichonga yeye. Baadaye ikapatikana mifupa ya Homo habilis, binadamu wa kale mwingine, palepale Olduvai, 1964 akapewa jina na sifa zote za ufundi, Zinji akaachiwa kazi ya kutafuna. Sasa mkono umeonekana, na urefu wa gumba lake ukilinganisha na vidole unakaribia wako na wangu, yaani huenda Zinji naye aliweza kushika jiwe na kulichonga. Habari hii ilitakiwa isimamishe foleni ya Ubungo!

Yeye kaisoma kwa kubana pua, akamalizia na swali lao la miaka yote: "Kama tulitoka kwa nyani, mbona nyani bado wapo?"

Nikapiga simu, nikapata. Nikamwita kaka, kwa adabu zote. Nikamwambia kaka, hakuna mtafiti anayesema umezaliwa na nyani wa Mikumi, yule ni binamu wa mbali, na binamu yako kuwa hai Singida hakukufuti wewe Dar. Nikavuta pumzi niingie kwenye gumba.

"Mpeni ndizi huyo."

Halafu akalia kama sokwe. Hewani! Studio nzima ikavunjika mbavu, simu ikakatwa, ukapigwa wimbo.

Mpeni ndizi! Mimi niliyesomea akiolojia pale Mlimani, niliyekaa na jua la Karatu mpaka ngozi ya shingo ikabanduka, nikipepeta udongo kwenye chekeche kutafuta jino dogo kuliko punje ya mchele. Mama mkwe alikuwa anasikiliza. Wadeni wangu walikuwa wanasikiliza. Nimepita gengeni sasa hivi, muuzaji kaniuliza "mbivu au mbichi, mtaalamu?" Nchi nzima imesikia, mpaka Comoro huko wamesikia.

Angebisha ningebishana naye. Angesema haamini, ningemheshimu na imani yake. Lakini kulia kama sokwe? Na kile kilio alikivuta, wakuu. Alikivuta!

Kisiki Kikavu:
Siti ya mbele hapa, leteni karanga.

Bint Tandale:
Nilikuwa kwenye daladala nikasikia. Kumbe ni wewe kaka? Pole sana. Ila konda alicheka mpaka akasahau kudai nauli, kwa hiyo upande wangu umenisaidia.

Mjukuu wa Zinji:
Mnacheka. Sawa. Nauliza tu, mtu anaeleza gumba la miaka milioni moja na nusu, jibu lake ni ndizi? NDIZI?

Mzee wa Zamu:
Mleta mada punguza povu. Ulimpigia mchekeshaji ukitegemea semina. Hata mimi ungeniambia nyani ni binamu yangu saa moja asubuhi sijanywa chai ningekata simu.

Chuma cha Reli:
Swali la nyani wapo au hawapo hajalijibu mtu bado. Binafsi kwetu Kilosa wananimalizia mahindi na hakuna hata mmoja anayebadilika kuwa binadamu aje kulipa.

Mjukuu wa Zinji:
Chuma, hawabadiliki kwa sababu si babu zako. Babu wa pamoja aliishi zamani sana, wao wakaenda njia yao, sisi yetu. Ndicho nilichotaka kumweleza yule kabla hajalia kama sokwe.

Jirani wa Namanga:
Poleni majirani, ila tuelewane. Koobi Fora iko Kenya. Huo mkono ni wetu.

Kisiki Kikavu:
Nilijua tu. Walianza na Kilimanjaro, wakaja Olduvai, sasa wanavuta gumba.

Jirani wa Namanga:
Tunavuta nini na limetoka kwetu? Na nyinyi mnalia kuhusu ndizi moja. Sisi tuna Kamoya Kimeu, mtu aliyeona kipande cha fuvu cha yule kijana wa kale wa Turkana mwaka 1984, mifupa iliyokamilika kuliko karibu yote ya umri wake. Amefariki 2022. Uliza watoto shuleni ni nani, watakuambia Leakey. Kila kitu Leakey! Hilo ndilo la kufungulia uzi.

Bint Tandale:
Hapo jirani umesema kweli. Na kwetu ni hivyohivyo. Nyayo mpya za binadamu wa kale pale Laetoli, Ngorongoro, zilipatikana 2015 na timu ya Watanzania, kiongozi wao Profesa Fidelis Masao. Walikuwa wanachimba mashimo ya majaribio kuangalia pa kujenga makumbusho, wakakutana na nyayo za miaka milioni 3.66! Nani kaimba jina lake redioni?

Mjukuu wa Zinji:
Ahsante dada. Ndio maana nasema yule wa asubuhi

Mwana Mbeya Halisi:
Msinikumbushe Laetoli. Nimejichanga, nimekodi gari, nimetingishwa njiani mpaka figo zikabadilishana nafasi. Nafika naambiwa zile nyayo za 1978 zimefukiwa! Eti nitazame nakala. Mkoba wangu ulirudi mtupu kwa ajili ya nakala!

Bint Tandale:
Zilifukiwa upya miaka ya 1990 ili zisiharibike. Mizizi ya miti ilikuwa inapasua lile jivu la volkano. Zikiachwa wazi na mvua za kule hutazikuta.

Mwana Mbeya Halisi:
Naelewa uhifadhi, lakini mtu aniambie kabla sijalipa gari! Yule wakala alinionyesha picha za nyayo kwenye simu yake, akasema "utazisimamia pembeni kabisa." Pembeni ya nini? Nilisimama pembeni ya majani.

Mzee wa Zamu:
Huyo wakala ana kofia ya kijani na ofisi yake iko juu ya duka la vipodozi?

Mwana Mbeya Halisi:
Huyohuyo!!

Mzee wa Zamu:
Kaniuzia mimi Olduvai kwa ahadi ya kuliona fuvu la Zinji. Nimefika naoneshwa nakala, la kweli linatunzwa Makumbusho ya Taifa, Dar. Na mimi naishi Upanga! Ningekwenda kwa miguu.

Chuma cha Reli:
Hahahaha Upanga! Mzee umesafiri kwenda kukifuata kitu cha nyumbani kwako.

Mjukuu wa Zinji:
Wakuu turudi kwenye mada. Alilia kama sokwe.

Kisiki Kikavu:
Mkuu subiri kidogo. Mzee, hiyo ofisi juu ya vipodozi bado ipo? Shemeji yangu kalipa kianzio cha Ngorongoro juzi.

Mzee wa Zamu:
Mwambie akadai leo. Mimi namba yangu hapokei tangu Pasaka.

Jirani wa Namanga:
Wa kwenu ana afadhali. Wa kwetu hapa Namanga alitushusha getini, akasema anaweka mafuta. Gari hatujaliona tena.