Tupeane uzoefu: mliokulia kota za kampuni, mkiulizwa kwenu mnajibu nini?

Mtoto wa Shifti
Ndugu zangu, binti yangu anaolewa. Wakwe wametuma mtu kuuliza: siku ya kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana familia, waje wapi? Nikasema Mbarara, ndiko nilikojenga. Akanijibu kwa upole, "Mzee, hapo ndipo unapokaa. Tunauliza kwenu."

Kwetu Kilembe, kwenye migodi ya shaba ya Uganda. Lakini baba ni wa Nebbi, mama wa Kabale, na nyumba ilikuwa ya kampuni. Wote wawili waliletwa na shaba, kama reli yenyewe iliyofikishwa Kasese mwaka 1956 ili mzigo uende kuyeyushwa Jinja. Kialuri cha baba na Kikiga cha mama havikusikilizana hata kidogo, kwa hiyo sisi watoto tulilelewa kwa Kiswahili cha shimoni. Hadi leo nikikasirika, ndicho kinachotoka.

Ninachokikumbuka kuliko vyote ni msumari nyuma ya mlango, na kofia ngumu ya mzee juu yake. Taa ilibaki kazini ikichajiwa. Kofia ilirudi na kishikio kitupu mbele. Usiku wa shifti mama hakulala. Alishona nguo ambazo hazijachanika. King'ora kikilia kwa saa yake, anateleka maji ya kuoga. Kikilia nje ya saa yake, milango yote ya mstari wetu wa nyumba inafunguka kwa pamoja, na hakuna mwanamke anayesema neno.

Uchimbaji uliposimama mwaka 1982 tukarudisha ufunguo. Mzee aliung'oa ule msumari akautia mfukoni. Haya, nyie mnajibuje?

Bibi Miwa
Mimi Kakira, kwenye kota za kiwanda cha sukari, katikati ya miwa. Mama alikuwa haaniki nguo kabla ya kunusa upepo, maana shamba likichomwa tayari kwa kukata, majivu yanatua kwenye shati jeupe la shule na ukiyapangusa ndiyo umeharibu kabisa. Yanapulizwa, hayapanguswi.

Kwenye kona trekta lilipunguza mwendo na sisi tukachomoa miwa kwenye tela. Dereva alijua. Mmoja alikuwa akituchagulia mlaini!

Sasa niko Doha, jikoni hotelini. Wiki iliyopita kijana mmoja aliunguza sukari ya keki. Wenzangu wanafungua madirisha, mimi nimesimama pale pale na sufuria mkononi, nimeshafika nyumbani. Wakaniuliza kama naumwa.

Ngazi Tano
Kilembe pia, ila mimi nimezaliwa migodi ikiwa kimya tayari. Mto Nyamwamba tuliuogelea, mama zetu walifulia humo. Mwaka 2013 ukafurika ukashuka na mawe makubwa kama magari, ukachukua nyumba. 2020 ukarudia.

Nilikwenda kuangalia kwetu. Nilitambua ngazi za saruji tu, tano, zinapanda halafu basi. Nikakaa ya tatu, pale pale tulipokuwa tunachambulia maharage. Sijarudi tena.

Mchumachai
Sisi wa mashamba ya chai Fort Portal tukiulizwa kwetu tunasema Toro, tunanyamaza, tunaomba Mungu asitokee Mtoro wa kutuuliza mpako, lile jina la heshima la Kitoro. Mtoto wa Shifti, usituache hewani. Kwanjula ilifanyika wapi?

Mtoto wa Shifti
Mbarara, Jumamosi iliyopita. Nebbi walikuja wawili, Kabale watano. Shida ikawa mzee wa kukaa upande wangu, maana wa ukoo wetu wameisha. Nikampigia simu mzee mmoja Mkonzo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, shifti moja na baba. Alipanda basi Kasese alfajiri, amevaa koti la harusi yake mwenyewe.

Msemaji wa wakwe akauliza, kwa adabu lakini wote tulisikia, "Mzee wetu, wewe na bwana huyu ni ukoo gani?"

Akasimama polepole. "Sisi ni wa mstari wa nne."