Tupeane uzoefu: Mtu wa Kusini na migahawa ya Kiasia ya Dar es Salaam

Mwenyeji wa Shangani:
Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, salaam. Leo asubuhi nilikuwa Feri ya hapa Mtwara nikinunua pweza, na mchuuzi aliponitajia bei nilijikuta nacheka peke yangu, kwa maana nilikumbuka sahani niliyowekewa kule Masaki, Dar es Salaam: vipande vinne vya pweza, vyembamba mno, vimelazwa juu ya matonge madogo ya wali uliotiwa siki, kwa fedha ambazo hapa ningebeba pweza mzima na nauli ya bodaboda ikabaki. Naizungumzia ile migahawa ya kisasa inayokusanya Japani, Thailand, China na Vietnam katika menyu moja, yenye taa hafifu na mhudumu anayekuuliza kwanza kama ni mara yako ya kwanza kufika. Kila aliyepita huko naomba atueleze yaliyomkuta.

Binti Mikindani:
Kuhusu taa ni kweli tupu. Niliisoma menyu kwa tochi ya simu, na meza ya jirani nao walikuwa wamewasha za kwao.

Mwalimu Mstaafu, Lindi:
Nadhani tunakiogopa chakula hiki bila sababu. Ile supu ya Kithai iitwayo tom yum ina mchaichai, ndimu, pilipili na mara nyingi kamba; na michuzi yao ya kijani na myekundu huungwa kwa tui la nazi. Mtu aliyelelewa kwa samaki wa nazi atajihisi yuko kwao mara tu atakapouzoea ukali wake. Kinachotutisha ni majina na bei, na kati ya hivyo viwili bei ndiyo yenye haki ya kutisha.

Mpwa wa Newala:
Mwenyeji, umenitonesha. Kaka yangu alikuwa anaposa binti wa familia iliyohamia Dar miaka mingi iliyopita. Kwa desturi yetu mjomba ndiye mwenye sauti, kwa hiyo tulimpandisha basi mjomba wetu kutoka Newala, mkulima wa korosho tangu ujana wake. Upande wa binti, kwa nia njema kabisa, ukatualika katika mgahawa wa namna hiyo, ghorofani, bahari ikionekana.

Mjomba alipoambiwa kuwa kuna kuku wa korosho, uso ulimng'aa. Sahani ilipofika alivaa miwani, akachukua kijiti kimoja cha kulia, akaanza kuzitenga korosho pembeni moja baada ya nyingine. Zilikuwa punje saba, nne kati yake zikiwa nusu. Akamwita mhudumu, akamuuliza kwa utulivu kama korosho hizo zilipitia stakabadhi ghalani, ule mfumo wetu wa kuuza korosho kupitia maghala. Kijana wa watu alijibu kwamba zilibanguliwa Vietnam. Mjomba akatugeukia: "Basi hizi zimesafiri kuliko mimi."

Ikaletwa sinia ya sushi, yale matonge ya wali wa siki ambayo mara nyingi huwekewa samaki mbichi. Pembeni yake palikuwa na kidonge cha kijani chenye ukubwa wa gololi, na mjomba, akiamini kuwa ni parachichi, akakitia chote kinywani. Sasa sikilizeni: wakati uleule baba wa binti alikuwa ndiyo kwanza anakitaja kiwango cha mahari. Mjomba hakukohoa, hakutema, maana alikuwa mbele ya wakwe. Alikaa wima, akamtazama mzee mwenzake, na machozi yakamtiririka mpaka kwenye kola ya shati. Meza nzima ikanyamaza. Mama wa binti akamgusa mumewe, na mumewe akasema, "Mzee wangu, tusiumizane, jambo hili linazungumzika," akapunguza theluthi nzima. Mjomba akainua mkono kuomba maji. Baba wa binti akaelewa kwamba bado kiwango kimekataliwa, akapunguza tena.

Kijana wa Ligula:
Mkuu, huwezi kuishia hapo. Mahari ilitua wapi, na je, walioana?

Binti Mikindani:
Nimecheka mpaka mama amekuja kuuliza nina nini. Tunasubiri.

Mzee wa Nachingwea:
Mimi sicheki. Mahari haitajwi hotelini mbele ya wahudumu. Anatumwa mshenga, watu wanakaa kwenye mkeka, na chakula kinakuja baada ya maneno kuisha. Wakwe wa namna hiyo wangenitia shaka tangu walipotaja ghorofa.

Kijana wa Ligula:
Mzee wangu, kwa heshima zote, mkeka usingeleta punguzo hilo.

Dada Muuguzi:
Kitu hicho cha kijani kinaitwa wasabi, na si pilipili. Ukali wake hupanda puani kwa njia ya mvuke, ukachoma sana kisha ukatoweka upesi, tofauti na pilipili inayoganda ulimini. Tena kinachowekwa mezani mara nyingi si wasabi halisi, kwa sababu mmea wenyewe ni ghali. Ni mzizi wa mmea mwingine mkali uliochanganywa na haradali na rangi ya kijani. Ukizidiwa, usihangaike na maji. Pumua taratibu na usubiri.

Baharia wa Kilwa:
Mimi nilikunywa maji na nikapona.

Dada Muuguzi:
Ulipona kwa sababu muda wake ulikuwa umekwisha, kaka yangu.

Kijana wa Ligula:
Halafu ile karatasi nyeusi inayozungushiwa wali ni mwani wetu huuhuu. Tunauuza kwa bei ya kutupa, kisha tunaununua Masaki kwa bei ya dhahabu.

Mama Mwani:
Hapana, mwanangu, usiwapotoshe watu. Mimi nalima mwani. Huu wetu ni spinosamu na kotonii; hukaushwa ukapelekwa ng'ambo kutolewa kitu cha kuzitia uzito bidhaa kama dawa ya meno na maziwa ya viwandani. Ile karatasi huitwa nori, ni aina nyingine ya mwani, hulimwa zaidi Japani, China na Korea. Bei ya kutupa, hilo nakubaliana nawe.

Baharia wa Kilwa:
Kwa nini basi tusijitengenezee sushi hapa? Samaki wa Feri ameamkia baharini, hakuna mbichi kumzidi.

Dada Muuguzi:
Usithubutu. Samaki wa kuliwa mbichi hugandishwa kwanza ili minyoo ife. Mwongozo wa Marekani unataka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7. Friji ya nyumbani inayokatikiwa umeme haifikii huko. Nguru wako mle wa kukaanga.

Ustadhi wa Mingoyo:
Waislamu wenzangu, ulizeni kabla ya kuagiza. Baadhi ya sosi za Kijapani hutiwa mirini au sake, ambavyo ni vileo, na yale maandazi madogo ya mvuke mara nyingi huwa na nguruwe ndani. Mhudumu mzuri hachukii kuulizwa. Akichukia, ondokeni.

Binti Mikindani:
Tena someni maandishi madogo chini ya menyu, kwa sababu zipo sehemu ambazo bei haijajumlisha VAT wala tozo ya huduma. Mimi hula muhogo nyumbani kabla ya kutoka.

Mwalimu Mstaafu, Lindi:
Ushauri wa muhogo unafanya safari yote isiwe na maana. Nendeni na njaa, agizeni mchuzi wa nazi na wali, na vijiti muwaachie vijana. Uma haukatazwi.

Mpwa wa Newala:
Samahani, nilikuwa shambani. Walioana, na mahari ilitua chini ya nusu ya ile ya kwanza. Mjomba hakumweleza mtu kilichomliza mpaka tulipofika stendi. Hivi sasa anaulizia kama kile kidonge kinapatikana Mtwara, kwa kuwa ana mpwa mwingine anayetaka kuoa msimu ukiisha.

Mzee wa Nachingwea:
Msimamo wangu ni uleule, mahari haitajwi hotelini. Hata hivyo, naomba unitumie jina la mgahawa huo kwa faragha.