Mjadala: Je, mgunduzi wa asteroidi aachiwe peke yake kuipa jina la watu wengine?

Mtoa hoja, Tabora:

Ndugu zangu, katika ukanda wa asteroidi (miamba midogo inayolizunguka Jua) ulioko kati ya Mirihi na Mshtarii, namba 1427 inaitwa Ruvuma, namba 1429 Pemba na namba 1595 Tanga. Zote ziligunduliwa Johannesburg katika miaka ya 1930, nchi yetu ikiwa chini ya Waingereza, na Cyril Jackson ana mkono katika ugunduzi wa zote tatu. Sina ugomvi na heshima hiyo. Hoja yangu ni kwamba kanuni haimlazimishi mgunduzi kuwauliza wenye jina, nami naona inapaswa kumlazimisha.

Njia ya asteroidi ikishathibitika na kupewa namba ya kudumu, mgunduzi ana miaka 10 ya kupendekeza jina pamoja na maelezo mafupi ya sababu yake, kisha kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia hulipitisha au hulikataa. Jina lisizidi herufi 16, lisiwe la biashara, na likiwa la mtu wa siasa au vita, miaka 100 iwe imepita tangu afariki. Kwa sharti hilo Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora, atangoja hadi mwaka 2099, ilhali Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alikwisha kulivuka zamani.

Basi tuseme mgunduzi wa mbali amependezwa na Mirambo. Maelezo yake atayatoa wapi? Huenda akayatoa kwa Stanley, msafiri na mwandishi wa kigeni, ambaye mwaka 1871 alipigana na Mirambo akiwa upande wa Waarabu wa Tabora. Maneno machache ya adui wa vitani yataingia katika kumbukumbu za sayansi, simulizi za Urambo zibaki nje, nasi tutayasoma yakiwa yamekwisha kupitishwa. Hilo ndilo linaloniuma.

Mchangiaji, Ujiji:

Ndugu yangu, nimekuelewa lakini sikubaliani nawe. Kugundua ni kazi ya kupiga picha za anga usiku baada ya usiku na kuzilinganisha, hadi kionekane kidoa kimoja kilichohama miongoni mwa nyota zilizotulia, na anayeifanya anastahili angalau kuchagua jina. Tena, wenye jina ni akina nani? Vita vya Mirambo vilifunga njia ya misafara kati ya Tabora na huku kwetu, kwa hiyo kumbukumbu yake Ujiji si ile ya Urambo. Wakija kuuliza, mimi nami nitaulizwa?

Mtoa hoja, Tabora:

Ndiyo, uulizwe, na nakiri kwamba sikuwa nimeliwaza hilo. Lakini haki ya mgunduzi haikuwahi kuwa kamili hata mwanzoni. Giuseppe Piazzi alipoigundua Ceres huko Palermo tarehe 1 Januari 1801 (leo inahesabiwa sayari kibete), aliliambatanisha jina hilo la Ceres na la mfalme Ferdinand, wanaastronomia wa nchi nyingine wakalikataa la mfalme, ikabaki Ceres. Siombi wenyeji wapewe uwezo wa kuzuia jina. Naomba maelezo ya jina lolote la mtu, mahali au kabila yatangazwe miezi mitatu kabla ya kupitishwa, Urambo waseme lao na Ujiji waseme lenu, na mgunduzi ayaandike akiwa amewasikia wote.