Wanaotaka mpwa wangu akaguliwe kisa anakimbia sana, nani kawapa hayo mamlaka?

Wakuu salaam. Niko mkoa wa Mtwara, wilaya ya huku kwenye mikorosho, siitaji kwa sababu ya mtoto. Nina hasira, mtanivumilia.

Nina mpwa wangu wa kike, yuko kidato cha pili. Kwetu huku mjomba ndiye wa kuulizwa, kwa hiyo limeniangukia mimi. Anakimbia mita 200 na 400. Kocha hana, viatu vya miiba hana, anafanya mazoezi pekupeku kwenye barabara ya mchanga alfajiri kabla hajaenda kuchota maji. Juzi kwenye mchujo wa kuelekea UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, aliwaacha wenzake mbali mno kwenye mita 200, mpaka watu waliokuwa wanakunywa chai wakasimama.

Badala ya pongezi, walimu wa shule nyingine wakaizunguka meza ya waandaaji. Huyo dume, sauti yake mmeisikia? Tazameni miguu ile. Mmoja akadai muuguzi aitwe amkague hapo hapo, kwenye darasa la jirani. Mtoto kasimama palepale, namba bado imebanwa kifuani kwa pini, anasikia kila neno. Mwalimu wake, dada mmoja mdogo tu wa umri, akagoma katakata. Mungu ambariki yule dada. Basi kwa kugoma kwake, jina la mtoto likakatwa kwenye orodha ya wilaya, nami naona.

Nikamuuliza yule aliyedai muuguzi, "Mwalimu, kwa kanuni ipi?"

Akanijibu, "Mzee wangu, haya mambo ni dunia nzima. Hata yule binti wa Namibia si walimfungia?"

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Ukimtaja Christine Mboma, mtaje kwa ukweli. Yule binti katoka kijijini Kavango, kaskazini mwa Namibia, mama yake alifariki naye akiwa bado mdogo. Juni 2021 huko Bydgoszcz, Poland, akakimbia mita 400 kwa sekunde 48.54. Siku chache baadaye yeye na mwenzake Beatrice Masilingi wakaambiwa mbio za mita 400 mpaka maili moja hawaruhusiwi, kwa sababu homoni ya testosteroni miilini mwao iko juu. Ya kuzaliwa nayo. Hakuna sindano, hakuna kidonge, na Kamati ya Olimpiki ya kwao ilisema wazi kwamba wenyewe, familia zao na kocha wao hawakuwa wakijua.

Lakini mita 200 kanuni ya wakati ule haikuigusa. Wakaenda Tokyo. Fainali ya tarehe 3 Agosti, Mboma ana miaka 18, anatoka kwenye kona akiwa nyuma, halafu zile mita za mwisho anawapita mmoja mmoja hadi nishani ya fedha, sekunde 21.81, nyuma ya Elaine Thompson-Herah peke yake. Masilingi akawa wa sita. Mwanamke wa kwanza wa Namibia kupata nishani ya Olimpiki! Mwezi huohuo akaja Kasarani, Nairobi, akachukua dhahabu ya dunia ya vijana. Nilimwangalia kwa macho yangu kwenye televisheni ya kibanda umiza, na huyu mpwa wangu alikuwa pembeni yangu, mdogo bado. Ndiyo maana anakimbia mita 200.

Machi 2023 wakubwa wa riadha duniani, World Athletics, wakapanua kanuni ikagusa mbio zote. Mimi naona ni dhuluma: unamwambia mtu kimbia hapa, anakimbia, anashinda, kisha unaifunga na hiyo njia. Wako wasiokubaliana nami, sawa, tubishane.

Ila hata kanuni yao hiyo haisemi mwalimu amvue mtoto. Kipimo cha jeni cha kuthibitisha jinsia walichoanza kukidai Septemba 2025 ni kwa wanawake wanaokwenda mashindano makubwa ya dunia. Kinachukuliwa kwa kijiti cha pamba kinachopanguswa ndani ya shavu au kwa damu, kinakwenda maabara, mara moja maishani, na majibu ni siri. Wapi mmesoma habari ya muuguzi na darasa la jirani? Wapi imeandikwa mashindano ya shule za wilayani?

Na ni nchi gani hii yenye wakimbiaji wa kike wa kumwaga? Nishani zetu za Olimpiki mpaka leo ni mbili, Bayi na Nyambui, Moscow 1980. Mwanamke hayumo hata mmoja. Kisha anatokea binti kijijini ana miguu, mnamtoa kwa sababu ya sauti yake.

Tangu siku ile hajaenda mazoezini. Shuleni wamempa jina ambalo sitaliandika hapa. Bibi yake anataka aache kabisa mbio, abaki na daftari.

Ninachotaka: mwenye kujua kanuni za UMISSETA anieleze rufaa inapelekwa kwa nani, afisa michezo wa wilaya au wa mkoa, na kama ni lazima kwa maandishi. Na kama kuna mwanasheria humu, kutaka kumkagua mtoto bila ridhaa ya mzazi ni kosa chini ya sheria gani? Timu ya mkoa haijachaguliwa, muda bado upo. Barua nimeshaiandika, nasubiri kujua pa kuipeleka.