Mbwa wa miezi 9 anatafuna kila kitu, na meno yameshaota yote

Ndala_Moja:
Wakuu, naombeni msaada. Ni dume, German Shepherd, miezi 9, kilo 29. Meno ya ukubwa yote yameshatoka, nikadhani kutafuna kutapungua, kumbe ndiyo kumezidi: ndala, mguu wa kochi, paipu ya kumwagilia bustani, na juzi waya wa pampu ya maji (bahati umeme ulikuwa umekatika). Mchana kutwa yuko bandani, saa 12 jioni tunamfungulia alinde. Anakula jioni tu, ugali wa dona na dagaa. Ndala tumezipaka pilipili, analamba. Kuchapwa kachapwa. Ataacha akikua, au ndiyo keshakuwa hivyo?

Kamba_Ndefu:
Mkuu, suala la meno lilishapita. Yale 28 ya utotoni hung'oka kati ya miezi 4 na 7, yanakuja 42 ya ukubwa. Kuanzia hapo hadi mwaka mmoja na nusu hivi una kijana mwenye taya za mtu mzima na hana kazi. Ratiba yako inamlaza mchana na kumwachia uwanja usiku, peke yake, pamoja na paipu. Atafanya nini?

Anza na asubuhi. Kabla jua halijawaka mtoe kwa kamba dakika 30 hadi 40, na umwache anuse kila nguzo anayotaka. Kunusa kunamchosha kichwa. Mbio peke yake zinamjengea pumzi tu.

Chakula kigawe mara mbili, anayekua hatakiwi kushinda njaa. Cha asubuhi usikitie kwenye bakuli. Tafuta mpira mgumu wa mbwa wenye tundu, mkubwa kiasi kwamba hauwezi kupita nyuma ya magego. Jaza ugali laini uliochanganywa na dagaa waliopondwa, ziba tundu kwa ndizi mbivu, weka friza usiku kucha. Siku 3 za kwanza mpe bila kugandisha, la sivyo atakata tamaa na kurudi kwenye kochi. Kitunguu, hata kilichopikwa, kisiwemo kabisa.

Ndala chakavu usimpe achezee. Yako mpya na ile chakavu zote zinanuka miguu yako. Yeye atajuaje ipi ni halali?

Ukimkuta na kitu mdomoni, usimkimbize (kwake huo ni mchezo) wala usimnyang'anye, maana atajifunza kumeza haraka. Msogezee puani kipande cha ini lililochemshwa. Akifungua mdomo sema "achia", mpe ini, kisha mpe mpira wake. Fanya zoezi hilo mara 10 kwa siku kwa vitu asivyovijali, ndipo uje kwenye ndala. Na fimbo weka chini. Ukimchapa nusu saa baada ya kosa, anachojifunza ni kwamba ukirudi nyumbani kuna kipigo. Yale masikio aliyolaza ukadhani anajuta, anaogopa tu.

Bucha_Kona:
Naongezea kabla hujakimbilia bucha. Mfupa uliopikwa HAPANA, unapasuka vipande vyenye ncha. Mfupa mbichi wa paja la ng'ombe nao una kesi yake: ni mgumu kuliko jino, na gego kubwa la juu hupasuka ubavu. Kipimo rahisi, bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha usipoacha alama hata kidogo, ni kigumu mno.

Gunzi la mahindi ndilo baya kuliko yote na ndilo linalotupwa ovyo uani. Halimeng'enyiki, linakwama utumbo mwembamba. Akitapika mfululizo, hali, hapati choo, tumbo limekaza, usimpe mafuta ya kula wala maziwa. Daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Uzi au kamba ikining'inia mkunduni usiivute, inaweza kukata utumbo.

Ule waya upitishe kwenye paipu ngumu ya umeme na uufukie, au uinue juu ya ukuta. Siku akishikwa na umeme, zima swichi kubwa kwanza ndipo umguse. Hata akiinuka na kutembea mpeleke akapimwe, mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Pilipili achana nayo. Ikimwingia machoni umepata ugonjwa mwingine, na ndala bado italiwa.

Ndala_Moja:
Nimewaelewa, asanteni. Swali moja. Jumapili tukienda kanisani tunamwacha sebuleni. Siku hiyo kochi haligusi, anatafuna fremu ya mlango tu, na chini panakuwa na mate mengi. Ni jambo lile lile?

Kamba_Ndefu:
Hapana, hilo ni lingine. Anayetafuna mlango tu, na mate yamelowesha sakafu, mara nyingi ni hofu ya kuachwa. Acha simu inarekodi. Wengi huanza dakika 30 za kwanza, wakilia na kuzunguka mlangoni. Muwekee na ule mpira uliojaa: asipougusa mpaka mrudi, ndivyo ilivyo.

Hapo kumchosha hakutoshi. Toka nje sekunde 5, rudi kabla hajaanza kulia, bila mbwembwe za kuaga wala kusalimia. Akitulia, sekunde 10, 30, dakika 2. Akilia umeruka hatua, rudi nyuma. Ni kazi ya wiki nyingi, na katika muda huo asiachwe peke yake zaidi ya anavyomudu. Jumapili abaki na mtu. Usimfungie kwenye kreti (kile kizimba cha mbwa cha ndani ya nyumba) ukidhani umeokoa mlango, mwenye hofu hii huvunja meno na kucha akitaka kutoka. Kama hata sekunde 5 zinamshinda, daktari ana dawa za kumpunguzia hofu wakati mnaendelea na zoezi.

Bucha_Kona:
Na hiyo fremu, kama imepakwa rangi, okota vipande vyote kabla hajarudi kuvimalizia.